Kinga Inapogeuka Tiba

Wahenga walilonga kuwa kinga ni bora kuliko tiba. Kwa kauli hiyo walizitenga dhana mbili: ajikingaye hajaugua, atibiwaye ameshaugua. Sayansi ya leo inazikutanisha, na hapo ndipo mtaalamu wa Kiswahili anapoitwa kazini.

Mfano mwafaka ni saratani ya kongosho. Nchini Marekani, takriban wagonjwa 13 tu katika kila 100 huwa hai miaka mitano baada ya ugonjwa kugunduliwa. Dawa zinazoichochea kinga ya mwili kuishambulia saratani, ambazo msingi wake uliwapa James Allison na Tasuku Honjo Tuzo ya Nobel mwaka 2018, zimewafaa wengi wenye saratani ya ngozi. Kwa kongosho, aghalabu hugonga mwamba. Uvimbe wake hujizungushia tishu ngumu mithili ya boma, askari wa kinga wasipenye. Ndipo watafiti wakawaza kulibomoa boma kwanza: uvimbe huangamizwa papo hapo ulipo kwa joto, baridi au mipigo mifupi ya umeme, mabaki ya seli zilizokufa huitambulisha kinga kwa adui wake, dawa nazo huipa kinga hiyo nguvu. Majaribio ya panya yametia moyo, ilhali ya binadamu yangali machache na madogo.

Je, mgonjwa anayealikwa katika jaribio kama hilo ataelezwaje kwa Kiswahili? Akiambiwa "tiba ya kinga", huenda akadhani ni chanjo. Akiambiwa uvimbe "utachomwa", atatishika bure, kwani mipigo ya umeme huua seli hasa kwa kuutoboa utando wake. "Kuchochea kinga" na "kuangamiza uvimbe" yangemfaa zaidi.

Wapo watakaodai kuwa haya ni ya madaktari. La hasha! Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa afahamishwe, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Daktari aliyesomea Kiingereza atamfahamishaje bila istilahi? Ridhaa ya asiyeelewa ni wino tu juu ya karatasi.

Hivyo basi, hapana budi wanafunzi wa Kiswahili waketi na wale wa udaktari, na istilahi zijaribiwe masikioni mwa wagonjwa kabla ya kuingizwa kamusini. Lugha isiyoweza kumweleza mgonjwa hali yake ina deni, hata ikijivunia washairi elfu.