Takwimu za umma zitolewe zikiwa hai

Usiku wa Agosti 5, 2016, katika ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki uwanjani Maracanã, Rio de Janeiro, watazamaji walionyeshwa mstari wa rangi ukizunguka mithili ya gamba la konokono. Ulianzia karibu na kitovu, mwaka 1850, na kadiri ulivyosogelea miaka yetu ndivyo ulivyotanuka kuelekea ukingoni. Lilikuwa joto la dunia, mwezi baada ya mwezi.

Mchoro huo ni kazi ya Ed Hawkins, mwanasayansi wa tabianchi wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza. Nyuma yake kuna namba takriban 2,000 tu. Namba za aina hiyo hukaa kwenye faili la maandishi matupu: mwaka, mkato, mwezi, mkato, joto. Programu huchukua mstari mmoja, huukata penye mkato, kisha hugeuza maandishi kuwa namba. Mwezi unakuwa pembe, nyuzi 30 kila mmoja. Joto linakuwa umbali kutoka kitovuni. Inachora, inashuka mstari unaofuata, inachora tena.

Kazi kubwa ni usafi wa faili. Kipimo kilichokosekana mara nyingi huandikwa -999, na programu isiyoelezwa hivyo itachora baridi ambayo dunia haijapata kuiona. Anayeandika 0,4 badala ya 0.4 ameipasua namba vipande viwili, na kila kinachofuata kwenye mstari huo kinakaa mahali pasipo pake.

Ndiyo maana inauma kuona jedwali la umma limepigwa picha na kubandikwa ndani ya PDF. Jicho hulisoma, programu haioni kitu. Kijana anayelihitaji huketi kunakili tarakimu moja moja, na makosa huingia hapohapo.

Tanzania imefanya sensa 6 tangu Muungano: mwaka 1967 watu milioni 12.3, 1978 milioni 17.5, 1988 milioni 23.1, 2002 milioni 34.4, 2012 milioni 44.9, na 2022 milioni 61.7. Mistari sita! Mwanafunzi wa sekondari anaweza kuipakia na kuwaonyesha wenzake nguzo ikirefuka mbele ya macho yao. Akipata pia mikoa, wilaya, umri, visima na madarasa, ataiona wilaya yake mwenyewe ikikua. Mafaili hayo yamelipiwa kwa kodi. Yawekwe wazi siku ileile ripoti inapozinduliwa.