Kitabu Yangu: Isimujamii na Somo la Kiswahili

Isimujamii ni tawi la isimu linalochunguza lugha ikiwa vinywani mwa watu: nani anasema, anasema na nani, wapi, kwa nia gani, na kwa nini mtu yule yule hubadilisha usemi wake anapotoka sokoni na kuingia msikitini au ofisini. Sarufi hueleza sentensi inavyoundwa. Isimujamii hueleza kwa nini sentensi iliyoundwa sawasawa humvunjia mtu heshima mahali fulani na kumjengea mahali pengine. Tawi hili lilipata nguvu katika miaka ya 1960, pale William Labov alipochunguza matamshi ya wakazi wa New York na kuonyesha kwamba tofauti zilizodhaniwa kuwa uzembe wa ulimi zilifuata tabaka, umri na mazingira ya mazungumzo. Kwa walimu wa lugha, mchango mkubwa zaidi ulitoka kwa Dell Hymes. Mwanaisimu Chomsky alikuwa ameueleza umilisi kuwa ni ujuzi wa kanuni za sarufi alionao mzawa wa lugha. Hymes alijibu kwamba mtoto hujifunza pia lini aseme, lini anyamaze, amwambie nani nini na kwa namna gani. Ujuzi huo aliuita umilisi wa kimawasiliano, na sehemu kubwa ya mbinu za kufundisha lugha za kigeni zilizoenea tangu miaka ya 1970 imetokana na wazo hilo.

Nchini Kenya taaluma hii ilipewa nafasi ambayo lugha nyingi duniani hazijaipa shuleni. Chini ya mfumo wa 8-4-4, karatasi ya pili ya Kiswahili katika mtihani wa kidato cha nne ina alama 80: ufahamu 15, ufupisho 15, matumizi ya lugha 40, na isimujamii 10. Mtahiniwa hupewa kifungu kifupi cha mazungumzo, akatambua sajili, yaani mtindo wa lugha wa mazingira fulani, kisha akataja sifa zake. Ni jambo la kujivunia kwamba kijana wa sekondari anajua neno sajili. Kasoro iko katika namna linavyofunzwa. Sajili ya hospitali ina sifa hizi, ya mahakamani hizi, ya bungeni hizi, na mwanafunzi huzikariri kama anavyokariri majina ya mito. Kengele ikilia, mwalimu yule yule huchukua rundo la insha na kalamu nyekundu, akasahihisha kana kwamba aliyoyafundisha saa moja iliyopita hayawahusu watoto walioziandika.

Sentensi moja yatosha kuonyesha hasara yake. Mtoto wa Nairobi au Nakuru anaandika: "Kitabu yangu imepotea." Anapigiwa mstari, anaandikiwa juu "kitabu changu kimepotea", na anaambiwa hajui ngeli. Lakini tazama anavyosema mambo mengine. Husema "vitabu zangu zimepotea", "kiti yangu imevunjika", "viti zimevunjika", "mti imeanguka". Akimtaja mtu husema "mtoto amelala", "watoto wamelala". Hapo hapana vurugu. Pana kanuni, na inafuatwa kwa uthabiti: viumbe huchukua a- na wa-, vitu vyote vingine huchukua i- katika umoja na zi- katika wingi. Kiswahili cha bara kimepunguza upatanisho, hakikuuacha. Tena msingi wa kanuni hiyo umo ndani ya Kiswahili sanifu chenyewe. Kila mwalimu husema "kiongozi amefika", wala hasemi "kiongozi kimefika", kwa kuwa uhai wa mtu umeishinda ngeli ya jina. Na kila mwalimu husema "rafiki yangu amefika", akitumia upatanisho wa namna moja kwenye kimilikishi na wa namna nyingine kwenye kitenzi, bila kuona ajabu yoyote. Mazoea ya kuilaumu Sheng, lugha ya mitaani ya vijana wa mijini, kwa "kitabu yangu" nayo yanapotosha, kwani wazee wengi wa bara wasiojua hata neno moja la Sheng husema hivyo hivyo.

Mwalimu mwenye jicho la isimujamii ataitofautisha sentensi hiyo na "kitabu zangu imepotea". Hii ya pili ni kosa hata mtaani. Aliyeiandika amepotea ndani ya mfumo wake mwenyewe na anahitaji msaada wa aina nyingine kabisa. Kalamu nyekundu isiyojua tofauti hiyo humpa kila mmoja wao dawa ya mwenzake.

Hali ya mtoto wa Mombasa ina uchungu wake. Kiswahili sanifu tulicho nacho kilitokana na uamuzi. Wamishonari wa Mombasa, waliofuata njia ya mtangulizi wao Krapf, walikitetea Kimvita, lahaja ya huko. Wale wa Unguja, waliofuata njia ya mtangulizi wao Steere, walikitetea Kiunguja. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikakisimamia katika vitabu vya shule vya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Palihitajika lahaja moja ya kuchapia vitabu, na moja ilichaguliwa. Hakuna aliyethibitisha kwamba "macho" ni Kiswahili kuliko "mato", wala "nchi" kuliko "nti". Hata hivyo mtoto wa Mji wa Kale akiandika "mato" kwenye insha hukatwa alama. Wiki inayofuata, katika kipindi cha fasihi, huletewa shairi la Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa wa karne ya 19, aliyetunga kwa lahaja ile ile ya nyumbani kwa mtoto huyo, na hapo huambiwa matumizi ya lahaja ni sehemu ya uhuru wa mshairi. Umbo moja la neno limekuwa kosa Jumatatu na pambo Ijumaa. Mtoto haelezwi sababu, naye huhitimisha mwenyewe kwamba lugha ya mama yake inafaa kwa wafu tu.

Wapo wanaohofu kwamba mwalimu akianza kuzihesabu lahaja na lugha za mitaani, usanifu utaporomoka. Hofu yao ina msingi. Kijana anayemaliza shule bila Kiswahili sanifu hufungiwa mlango wa gazeti, wa ofisi, wa redio na wa mtihani wenyewe, na wanaoumia kwanza ni watoto wa maskini, ambao shule ndiyo mahali pao pekee pa kukipata. Kwa hiyo sanifu lazima ifundishwe, tena kwa bidii. Mzozo uko kwenye njia ya kuifundisha. Mfano uko Marekani: mwaka 1979 mahakama iliamua shauri lililoletwa na wazazi wa watoto Weusi wa Ann Arbor waliokuwa hawaendelei katika kusoma. Labov alikuwa miongoni mwa wataalamu waliotoa ushahidi. Jaji Charles Joiner hakuamuru Kiingereza cha watoto wale kichukue nafasi ya Kiingereza sanifu. Aliamuru walimu wakitambue na wakizingatie wanapowafundisha kusoma sanifu, kwa kuwa mwalimu asiyejua mwanafunzi anatokea wapi hawezi kumfikisha anakokwenda.

Darasani jambo hili halihitaji fedha. Mwalimu aandike ubaoni "kitabu yangu imepotea" na "kitabu changu kimepotea", awaache wanafunzi wenyewe waifichue kanuni ya kila sentensi, kisha aseme ipi huandikwa kwenye barua ya kuomba kazi na kwa nini. Kwa njia hiyo ngeli hufundishwa kwa kina kuliko kwa jedwali, kwa sababu mtoto anaiona mipaka ya anachokijua.

Isimujamii inamhusu vilevile mgeni anayejifunza Kiswahili, lugha ambayo mwaka 2021 UNESCO iliitengea Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Vitabu vingi humfundisha "nipe maji", na kisarufi hakuna dosari. Akiitamka kwenye mgahawa wa Dar es Salaam, mhudumu atamletea maji lakini atakunja uso, kwani pale husemwa "naomba maji". Akiwa Nairobi, "nipe" hupita bila kumkera mtu, na "naomba" huweza kusikika kama unyenyekevu uliozidi. Hufundishwa pia "shikamoo" kama salamu tu, asiambiwe kwamba inapanda kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa na kwamba mkubwa huipokea kwa "marahaba". Mgeni wa miaka sitini akimwamkia hivyo kijana wa duka, kijana huona haya asijue aitikie nini. Kosa la ngeli husamehewa mgeni papo hapo, lakini la adabu huhesabiwa kuwa tabia yake.

Marekebisho yaanzie vyuo vya ualimu. Mwalimu mwanafunzi apewe insha halisi za watoto wa Lamu, Kisumu, Mwanza na Bujumbura, atenganishe kilicho cha lahaja, kilicho cha mtaani na kilicho kosa kweli, kabla hajakabidhiwa kalamu nyekundu. Watunga mitihani nao waache kuuliza sifa tano za sajili ya hospitali. Wampe mtahiniwa ombi moja, la ruhusa ya kuondoka mapema kwa mfano, alielekeze mara tatu: kwa rafiki, kwa mwalimu mkuu, na kwa bibi yake. Kisha aeleze alibadilisha nini kila mara, na kwa sababu gani. Swali la namna hiyo halijibiki kwa kukariri.