Ufunguo wa Maabara Uko kwa Nani?

Amana hutunzwa. Mwenyezi Mungu ametuamuru hivyo, wazee wakatulea hivyo, nami sitapoteza wino kulithibitisha. Linalonikera ni kwamba vyuo vikuu vyetu vimefuzu kupokea misaada, kutunza bado.

Hatujanyimwa. Tarehe 25 Oktoba 1961 chuo chetu kikuu cha kwanza kilianza Dar es Salaam na wanafunzi 14 tu wa sheria, ndani ya jengo la chama cha TANU pale mtaa wa Lumumba. Leo Mlimani, kwenye kampasi yake kuu, kuna maktaba iliyojengwa kwa msaada wa China, ikafunguliwa Novemba 2018. Inakalisha wasomaji 2,100 kwa mpigo. Mwaka 2023 Wahindi wa chuo cha IIT Madras walivuka bahari wakafungua kampasi Zanzibar. Mradi wa HEET wa kuinua elimu ya juu nao ulitengewa dola milioni 425 za Benki ya Dunia. Waliohangaikia haya tunawapa heko. Ila dola hizo ni mkopo, na dawa ya deni kulipa.

Sasa twende chuo kimoja nisichokitaja, maana kumvua mtu nguo hadharani si uungwana. Nilimkuta kijana kachuchumaa nje ya maabara ya kompyuta, anaandika ripoti yake kwenye simu iliyopasuka kioo. Nikachungulia dirishani: kompyuta zimepangwa safu kwa safu, nailoni hazijatolewa, vumbi juu.

"Mbona huingii, mwanangu?"

"Ufunguo anao mkubwa, mzee. Yuko semina."

"Semina ya nini?"

"Ya TEHAMA."

Jamani! Kitunze kidumu, walisema wahenga. Sisi tunakitunza mpaka kinazeeka kabla ya kutumika. Taa ya projekta ikiungua, tunamngoja mfadhili mwingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; je, jembe lenyewe tunalo? Profesa wa ng'ambo akija, tumwoneshe utafiti wetu wa mihogo na malaria, tubishane naye kisomi, si kumfunga kanga begani na kupiga picha.

Na hapo kwenye picha siwezi kunyamaza. Hizi hafla za kutia saini makubaliano! Nusu saa ya kutambulishana, halafu anasimama msemaji na kutuambia "itifaki imezingatiwa". Kinachofuata ni Kiingereza cha kutafunwa mbele ya umma wa Waswahili, huku mgeni mwenyewe akijikakamua kusema "hamjambo". Mwacha asili ni mtumwa.

Wakuu wetu wa vyuo, ninyi ni wasomi, hamhitaji kufundishwa hesabu. Tengeni fungu la matengenezo kabla ya fungu la hafla. Mpeni fundi heshima yake na vipuri vyake. Na kesho, kabla kalamu haijagusa hati nyingine ya makubaliano, ulizeni kwanza: ufunguo wa maabara uko kwa nani?