Jino lililomeguka si la kung'olewa



Juma hili safu yetu inajibu barua ya mama mmoja wa Nkwenda, wilayani Kyerwa. Binti yake wa miaka 13 aliuma jiwe lililokuwamo katika maharage, na jino moja la mbele, la juu, likameguka pembeni. Damu haikutoka, na maumivu yalikuwa machache. Lakini tangu siku hiyo binti hufunika mdomo kwa ncha ya mtandio kila anapocheka. Na madrasa, ambako alizoea kutangulizwa kusoma mbele ya wenzake, sasa huomba asome mwingine. Jirani mmoja amemshauri mama jino ling'olewe kabla halijaoza. Mwingine amemwambia kuwa wapo madaktari wanaolijazia jino la namna hiyo, ila kufanya hivyo ni kubadili maumbile ya Allah. Mama anauliza afuate lipi.

Mama yetu, usifuate hata moja kati ya hayo mawili. Jino lililomeguka si jino lililokufa, na kulirudishia umbo lake si kubadili maumbile. Tutaeleza sababu moja baada ya nyingine.

Kwanza tazameni limemeguka kiasi gani

Jino lina tabaka tatu. La nje ni enameli, gamba gumu kuliko kitu chochote katika mwili wa mwanadamu, lakini likishamomonyoka halioti tena. Chini yake ni dentini, yenye rangi ya manjano na yenye hisia. Ndani kabisa ni kiini, chenye mishipa ya damu na ya fahamu.

Ikiwa kilichokatika ni enameli peke yake, mtu huhisi ukali wa ncha kwenye ulimi tu. Ikiwa dentini imefichuka, maji baridi na hewa huuma; hapo asikae muda mrefu bila kutibiwa, kwani vijidudu hupata njia. Ikiwa katikati ya pale palipokatika pana nukta nyekundu au damu, basi kiini kimefikiwa, na hilo ni jambo la kuondoka nalo siku hiyo hiyo. Hata hivyo, katika hali zote tatu kung'oa si hatua ya kwanza. Jino la mbele likitolewa, mfupa ulioshikilia mzizi huanza kusinyaa, na meno ya jirani huweza kuhama kuelekea penye pengo. Binti wa miaka 13 atalibeba pengo hilo maisha yake yote.

Meno na matamshi ya Qur'ani

Wazazi wengine wataona kuwa haya ya binti huyu ni aibu ya kidunia tu. Tusiharakishe kumhukumu. Wanaosoma tajwid wanajua kwamba faa hutoka pale ndani ya mdomo wa chini unapokutana na ncha za meno mawili ya juu ya mbele. Wanajua pia kwamba thaa, dhaal na dhwaa hutoka ncha ya ulimi inapogusa ncha za meno hayo hayo, ambayo wanazuoni wa fani hii huyaita thanaya. Kipande kikiondoka hapo, pumzi hupita isipopaswa kupita. Huenda binti alilisikia hilo katika sauti yake mwenyewe kabla ya mtu mwingine kuliona.

Ustadhi wake na amtulize. Pengo dogo ulimi hulizoea baada ya siku chache, na aliyepatwa na kilema asichokitaka hana lawama kwa herufi isiyotoka kikamilifu. Wala asiondolewe katika zamu ya kusoma kwa kuhurumiwa, maana huruma ya namna hiyo humthibitishia kwamba ana kasoro.

Je, ni kubadili maumbile?

Jirani aliyetaja maumbile hakuzua. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kutoka kwa Ibn Mas'ud (r.a.) hadithi inayowalaani wanaochonga nafasi baina ya meno kwa ajili ya kutafuta uzuri. Lakini wanazuoni wameliangalia kwa makini sharti hilo la kutafuta uzuri. Imamu Nawawi, katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, ameeleza kuwa linalokatazwa ni lile linalofanywa kwa kujipamba. Ama likihitajika kwa tiba au kwa sababu ya aibu iliyolipata jino, halina ubaya.

Ipo pia habari ya sahaba Arfaja bin As'ad (r.a.), waliyoipokea Abu Dawud, Tirmidhi na Nasai. Pua yake ilikatwa katika vita vya Kulab, zama za Jahiliya. Akajiwekea pua ya fedha, ikatoa harufu mbaya, na Mtume (s.a.w.) akamwamuru aweke ya dhahabu. Dhahabu kwa mwanamume asili yake ni haramu, lakini hapa iliruhusiwa ili kuziba kasoro. Tirmidhi anataja kuwa wanazuoni kadhaa wa zamani walifunga meno yao kwa dhahabu, na hoja yao ni hadithi hii.

Basi mpaka uko wazi: kurudisha kilichoondoka ni tiba, na kuchonga kizima ili kifanane na meno ya mtu wa kwenye picha ni jambo jingine. La kufurahisha ni kwamba mpaka huo ndio ambao daktari mwaminifu wa meno huuchunga, kwa sababu enameli aliyoiondoa mkono wake hairudi.

Namna jino linavyojazwa

Dawa inayotumika huitwa kompositi: utomvu wa kutengenezwa maabara, uliochanganywa na chembe laini sana za kioo, na hutolewa kwa rangi nyingi ili ilingane na jino la kila mtu. Asili yake ya kisasa ni kazi ya watafiti wawili wa Marekani. Mwaka 1955 Michael Buonocore alionyesha kuwa asidi ya fosforasi ikipakwa kwenye enameli huikwaruza, na utomvu ukashika. Wazo alilipata viwandani, ambako asidi ilitumika ili rangi ishike kwenye chuma. Kisha katika miaka ya 1960 Rafael Bowen akatengeneza utomvu ulio msingi wa kompositi za leo. Fundi wetu wa lipu anaijua siri hiyo: ukuta laini haushiki saruji mpaka ukwaruzwe kwanza.

Binti atakapoketi kwenye kiti, daktari atachagua rangi mwanzoni kabisa, kwa sababu jino likikauka hung'aa kuliko kawaida yake. Atalisafisha na kulikinga na mate, maana unyevu ndio adui mkubwa wa kazi hii. Atapaka asidi kwa sekunde chache na kuiosha, atapaka gundi, kisha ataweka kompositi tabaka kwa tabaka, kila tabaka lisizidi takriban milimita 2. Kila moja huimulikwa kwa taa ya buluu, mara nyingi kwa sekunde 20 hivi, ikawa ngumu. Mwishoni atasawazisha, atamwambia aume, kisha atang'arisha. Kwa jino moja hiyo ni kazi ya kikao kimoja, na pale ambapo dentini haikufichuka mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki.

Kwa mtoto anayeendelea kukua njia hii ina fadhila nyingine: jino lenyewe haliguswi sana. Ufizi wake bado unabadilika, na akiwa mtu mzima ataweza kuchagua tiba nyingine akihitaji, kwa kuwa jino lake bado lipo.

Kuhusu ibada, kompositi iliyoshikamana na jino haizuii udhu wala josho. Matibabu wakati wa funga hayaibatilishi maadamu hakuna kilichomezwa. Lakini kwa kuwa maji hutumika, aliye na nafasi na apange baada ya futari au baada ya Ramadhani.

Wapi, na kuulizwa nini

Si kila chumba chenye kiti cha meno kina kompositi na taa yake. Vituo vingi vya huku kwetu vimezoea kung'oa, kwa kuwa wengi wetu huenda pale jino likishakuwa bovu kabisa. Kwa hiyo kabla ya kulipa nauli ya kutoka Nkwenda hadi Omurushaka na Kayanga, ulizeni kwa simu katika kitengo cha kinywa na meno cha hospitali ya wilaya: Je, mnajaza jino la mbele kwa kompositi? Gharama ni kiasi gani? Bima yetu inalipia? Jibu likiwa hapana, waombeni rufaa ya kwenda Bukoba. Safari ya mara moja ni nafuu kuliko safari tatu za kubahatisha. Wala msikubali kazi hii ifanyiwe katika chumba cha urembo, au na mtu asiyesajiliwa kuwa daktari au tabibu wa kinywa na meno.

Ukweli mwingine usemwe mapema: kompositi si ya milele. Kwa aliyeitunza hudumu miaka kadhaa, mara nyingi 5 au zaidi, kisha hutengenezwa upya. Huingia madoa, na nchi yetu ni ya kahawa. Buni za kutafuna anazokaribishwa mgeni zina mambo mawili kwa jino hili, rangi na ugumu; binti azipishe. Muwa asiumenye kwa meno bali kwa kisu, na kizibo cha soda kina kifunguo chake. Apige mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, na siwaki aendelee nayo kwa upole. Jino likigeuka rangi na kuwa jeusi, au ufizi ukitoa kipele, arudi haraka, maana kiini huweza kufa kimyakimya miezi mingi baada ya pigo.

Likitokea tena nyumbani

Watoto wa kiume wanaoanguka mpirani na abiria wa bodaboda kwenye matope ya vilima vyetu huvunja meno kila siku. Kipande kikipatikana, kiwekeni ndani ya maziwa au maji safi, mwende nacho. Pengine daktari ataweza kukigandisha kilipotoka. Kisipopatikana na mdomo umechanika, mwambieni daktari atazame ndani ya jeraha. Likitoka jino zima la ukubwani, lishikeni upande wa kutafunia, msiguse mzizi, lisuuzwe kidogo bila kusuguliwa, lirudishwe mahali pake au litiwe katika maziwa, na mkimbie hospitali ndani ya saa moja. La utotoni halirudishwi.

Na maharage yetu, ambayo tunayapura juu ya uwanja wa udongo, yachambuliwe kwenye ungo mchana, si usiku kwa mwanga wa kibatari.

Mama yetu, mwambie binti kwamba jino lake ni amana, na amana iliyopata ufa hutengenezwa, haitupwi. Akisubiri siku ya safari, aendelee kusoma. Mtandio wake ni wa kumsitiri. Asiutumie kuziba sauti ya Qur'ani.

Wallahu a'lam.