Acheni Kutuuzia Mashetani, Chumvi Inatosha

Wasee, nianze na kosa langu. Juzi nilishuka bondeni hadi kwa ng'eny, pale ng'ombe wanalamba udongo wa chumvi. Simu mkononi, kichwa cha video tayari: "Bonde la Mashetani." Mzee mmoja aliyekuwa na ng'ombe wake akaniuliza, "Kijana, umekuja kutafuta shetani ama chumvi?" Nikakosa jibu.

Hapa Kiptere ukiita Kipng'eno ama Chepng'eno, watageuka watu kadhaa. Ni jina la mtoto aliyezaliwa ng'ombe wakiwa kwa ng'eny. Yaani wazee wetu walipaheshimu mahali pale hadi wakapatia watoto jina lake. Sisi tunapawekea muziki wa kutisha.

Si sisi wa kwanza. Mwaka 1883 Joseph Thomson, msafiri Mskoti, alifika Mlima Elgon akaona yale mapango makubwa, watu na mifugo wakiishi ndani. Akaamua lazima yalichimbwa na taifa fulani la kale lililopotea. Kumbe nenda Kitum, kwenye mlima huohuo: ndovu huingia usiku, gizani kabisa, wakipapasa njia kwa mkonga, wanabomoa ukuta kwa pembe wapate chumvi. Wamefanya hivyo vizazi na vizazi. Sasa niambie, ni jini gani atashinda hiyo stori?

Na kama lazima uogopeshe watu, ukweli upo pia. Mwaka 1980 na tena 1987, watu wawili waliotembelea Kitum waliugua homa ya Marburg wakafa. Baadaye wanasayansi waligundua kwamba virusi hivyo hubebwa na popo wa mapangoni. Kwa hivyo mzee akikuambia usiingie pango ovyo, usimcheke ati ni ushamba.

Shida ya uongo wetu ni hii: mahali pakishaitwa pa shetani, nani atalia pakizungushiwa ua ama pakijazwa takataka? Lakini pakijulikana ni chumvi ya ng'ombe wa kijiji, pana wenyewe.

Ile video nimeifuta. Nitarudi kwa yule mzee, safari hii niombe ruhusa kwanza, halafu nimwache aongee.

Na wewe Kipng'eno unayesoma hii, uliza nyumbani leo: ni ng'eny gani hiyo, na bado iko?