Geji ya Oili Isidharauliwe

Lori kuukuu lililokuwa la jeshi, likishaupanda mwinuko wa Kabasha na kuwasili Kanyabayonga, katika barabara ya taifa namba 2 ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iendayo Butembo na Beni, aghalabu mshale wake wa presha ya oili hushuka karibu na sufuri injini ingurumapo polepole; na dereva, kwa haraka ya safari, huituhumu geji kuwa mbovu, akaondoka.

Naona tuhuma hiyo haijuzu kabla ya ushahidi. Ni kweli kwamba waya wa ardhi wenye kutu, au geji ya volti 12 iliyofungwa katika gari la volti 24, hutoa habari za uongo. Lakini fundi na aing'oe sensa iliyo ubavuni mwa injini, afunge mahali pake geji ya bomba isiyotumia umeme, kisha apime injini ikiwa moto, maana oili baridi ni nzito, nayo husitiri ubovu. Presha ikithibitika kuwa dhaifu, avute kijiti cha oili akinuse: kikinuka dizeli, oili imezimuliwa, la sivyo, atazame filta, chujio la pampu, na hatimaye beringi za kranki.

Tajiri mwenye lori anayeamuru imiminwe oili nzito ili mshale upande, asije akaikosa siku ya soko, anawadhulumu dereva na abiria walioketi juu ya magunia, ambao injini ikikwama mlimani hawana pa kulala.