Enyi Washoni wa Viraka, Acheni Kuhamahama

Nawaandikia ninyi mlioanza juzijuzi kushona mifarishi ya viraka, wake kwa waume, mnaokata kanga na vitenge na makatio ya mafundi cherehani, mkaviunga kipande kwa kipande hadi vikawa kitu cha kujifunika. Kazi mliyoishika ni njema. Lakini wengi wenu naona mmeingiwa na hofu moja ambayo nataka ikome: hofu ya kwamba hamna mtindo wenu wenyewe. Leo mtu anashona nyota. Kesho anaona picha ya maua kwenye simu, anaiacha nyota katikati. Mtondo amekwenda dukani kununua vitambaa vya kazi ya tatu. Kabati limejaa vipande, mfarishi uliokamilika hakuna hata mmoja, na mwenye kabati analalamika kwamba bado hajajijua.

Nasema hatajijua kwa njia hiyo hata akitafuta miaka kumi. Mtindo wa mshoni hutokea pale anaposhika nakshi moja ya zamani, akaishona mpaka ikaisha, kisha akairudia, na kuirudia tena, kwa vitambaa vilivyomo nyumbani mwake. Najua wengi watanipinga hapa. Wataniuliza, mtu atapataje kitu chake kwa kushona kilichoshonwa na kila mtu?

Jibu lake liko Alabama, kusini mwa Marekani. Huko mto Alabama umejipinda ukazunguka kipande cha ardhi karibu pande zote, na kijiji kilichomo ndani ya kiwiko hicho kinaitwa Gee's Bend. Wakazi wake ni wajukuu na vitukuu vya watumwa wa shamba la pamba lililoanzishwa na Joseph Gee mwaka 1816, likaingia mikononi mwa Mark Pettway mwaka 1845. Hadi leo wengi wao wanaitwa Pettway, jina la bwana yule. Watu hawa walionja umaskini ambao ni vigumu kuusimulia. Mwaka 1932 mjane wa mfanyabiashara aliyekuwa akiwakopesha alituma watu kukusanya madeni, nao wakaondoka na mifugo, zana za kulimia na chakula cha akiba. Nyumba zilikuwa za mbao zenye nyufa, na baridi ya huko hupenya mpaka mifupani. Wanawake walishona mifarishi kwa sababu watoto lazima walale wamefunikwa. Walishona kwa suruali zilizokwisha magotini, kwa magauni yaliyopasuka, kwa magunia ya unga na ya mbolea yaliyofuliwa.

Nakshi waliyoipenda kuliko zote wanaiita paa la nyumba. Nitaieleza, kwa sababu urahisi wake ndio hoja yangu. Unaanza na kipande cha mraba. Unashonea utepe wa kitambaa ubavuni, unakata ncha iliyozidi. Unageuza kazi, unashonea utepe wa pili ambao unapita kwenye ubavu wa mraba na kwenye ncha ya utepe wa kwanza. Halafu wa tatu, halafu wa nne, na mraba umekwisha kuzungukwa. Unaanza duru nyingine kwa nje, na nyingine tena, mpaka mfarishi utoshe kitanda. Hiyo ndiyo nakshi yote. Mtoto wa shule anaielewa kwa asubuhi moja, na karibu kila mwanamke wa Gee's Bend aliishona, kama mama yake alivyoishona.

Sasa itazame mifarishi yao hiyo ya paa la nyumba ikiwa imetandazwa pamoja. Huyu ameuweka mraba katikati barabara, na duru zote zimelingana. Huyu ameuanzia pembeni, upande mmoja tepe ni nyembamba kama kidole na upande wa pili ni pana kama kiganja. Yule ameshona mafungu manne madogo akayaunga. Mwingine utepe wake mwekundu ulimwishia kabla ya kufika mwisho wa ubavu, akaunga kipande cha buluu palepale, na jicho la mtazamaji linakwenda hapo kabla ya mahali pengine popote. Kina mama wenyewe walisema kwamba kila mmoja anashona kwa njia yake, na ukiitazama kazi yao huna la kubisha. Mwaka 2002 mifarishi ile iliyokuwa ikitandikwa vitandani ilitundikwa katika jumba la makumbusho la sanaa la Houston, kisha katika jumba la Whitney mjini New York. Mwaka 2006 serikali ya Marekani ikachapisha stempu za posta kumi zenye picha za mifarishi hiyo.

Ni kama mwandiko. Watoto arobaini hunakili herufi zilezile kutoka ubao mmoja kwa mwalimu mmoja, na mwisho wa mwaka mwalimu huyo anatambua daftari la kila mtoto bila kusoma jina. Hakuna mtoto aliyeutafuta mwandiko wake. Aliandika sana, basi.

Jambo la pili ni vitambaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 Missouri Pettway wa Gee's Bend alifiwa na mumewe. Alizikusanya nguo zake za kazi, akazikata, akazishona kuwa mfarishi, na binti yake Arlonzia, aliyemsaidia, alisimulia baadaye kwamba mama alitaka kumkumbuka mumewe na kujifunika mfarishi huo kwa upendo. Katika mifarishi ya nguo za kazi kama hiyo utaona mambo ambayo hakuna duka linaloyauza. Goti la suruali limepauka hadi kukaribia weupe. Mfuko umefumuliwa, na mahali ulipokuwa umeshonwa pamebaki buluu iliyokoza, kwa kuwa jua halikupafikia. Mshoni hakuibuni rangi hiyo. Aliyeibuni ni mwanamume aliyelima kwa miaka akiwa amevaa suruali ile. Kazi ya mshoni ilikuwa kuamua pale palipokoza pakae karibu na nini.

Kwa hiyo nakusihi, ndugu yangu, kabla hujaingia dukani fungua sanduku la nyumbani. Mna kanga ya bibi iliyolainika kwa kufuliwa, shati la shule la mdogo wako, kitenge cha harusi ambacho hakikufai tena. Na usidhani kuunga vipande ni ujuzi wa kuletewa kutoka ng'ambo. Husimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani yetu waliona leso zikiuzwa kwa jora, wakaacha kukatiwa mojamoja. Walikatiwa sita, wakazigawa tatu kwa tatu, wakaziunga kwa mshono zikawa nguo moja pana, na wenye maduka ndipo walipoamka na kuagiza nguo iliyochapwa kwa upana huo. Kanga unayoikata leo ilizaliwa kwa sindano na uzi wa watu walioamua wenyewe.

Na kanga itakulazimisha kuamua. Kwanza ifue, kwa maana kanga mpya ina dondo na rangi yake huchuja, na ukiishona na kitambaa cheupe kabla ya kuifua utajuta siku ya kwanza ya kufua mfarishi. Pindo lake lina nakshi yake na mji una yake. Je, utavitenganisha au utakata ukipita vyote viwili? Halafu kuna jina. Maneno yale ukiyakata katikati yatabaki nusu, na nusu ya methali juu ya kitanda cha watu inaweza kusema jambo ambalo hukulikusudia. Wapo wanaoyaondoa kabisa. Wapo wanaoyaacha mazima, wakayafanya mstari unaopita katikati ya mfarishi. Wapo wanaoyakatakata makusudi, herufi zikageuka kuwa madoa meusi tu. Mimi napenda yaachwe mazima, lakini sitamlazimisha mtu. Ninalotaka ni uamue wewe, na uamuzi wako uufuate mpaka mfarishi uishe, usigeuke nusu ya njia kwa sababu jirani amesema.

Wapo watakaosema kurudia kunachosha, na kwamba wao wana hadithi za kusimulia ambazo tepe na miraba haziwezi kuzibeba. Hao nawatajia Harriet Powers, aliyezaliwa mwaka 1837 katika utumwa huko Georgia. Yeye alikata maumbo ya watu, wanyama, jua na nyota, akayashonea juu ya kitambaa, akasimulia habari za Biblia. Mifarishi yake inayojulikana kuwapo hadi leo ni miwili tu. Mmoja una picha 11 na uko Washington. Mwingine una picha 15 na uko Boston. Katika huo wa pili alishona pia usiku wa mwaka 1833 nyota zilipoanguka kwa wingi hata watu wakadhani dunia inakwisha, tukio lililotokea kabla hajazaliwa, ambalo alilipata kwa kusimuliwa na wakubwa. Hadithi alikuwa nazo nyingi. Lakini tazama alivyozipanga: safu tatu katika mfarishi wa kwanza, safu tatu katika wa pili, na maumbo ya watu yaliyokatwa kwa mkono uleule. Aliyeuona mmoja, akikutana na wa pili, hahitaji kuambiwa ni wa nani. Mfarishi wa kwanza aliuuza kwa dola 5 mwaka 1891, kwa sababu ya shida, naye hakutaka kuuachia.

Nimefika kwenye uuzaji, na hapa nitasema kwa ukali kidogo, kwa sababu nimewaona wanafunzi wazuri wakipotelea hapo. Mtu amemaliza mfarishi mmoja, shangazi ameusifu, mara ameanza kupokea oda. Kila mteja anakuja na picha yake na rangi zake. Mwaka unapita, mshoni amepata fedha kidogo na mkono wake umejaa matakwa ya watu. Siikatai fedha. Watoto wanakula, kodi ya nyumba inalipwa, na anayemdharau mshoni anayeshona kwa ajili ya ugali hajui anachokisema. Lakini kazi ya oda na kazi ya nafsi yako zitenganishe tangu mwanzo, na mifarishi yako ya mwanzo usiiuze. Itandike kitandani kwako, uitazame kila asubuhi, ujue ni wapi mkono wako unapenda kwenda.

Kina mama wa Gee's Bend walilijua hili vizuri. Mwaka 1966 wao na majirani zao walianzisha chama cha ushirika cha Freedom Quilting Bee, ili kazi ya sindano iwapatie riziki. Maduka makubwa yakaagiza, na maduka yalitaka vipimo vilivyolingana, nakshi isiyobadilika, mishono midogo ya sare. Mwaka 1972 ushirika huo ulipata mkataba na kampuni ya Sears wa kushona foronya za mito za koduroi, kile kitambaa kizito chenye matuta ya manyoya. Zilikuwa kazi za kufanana, moja baada ya nyingine, na zililipa. Jioni walibeba makatio kwenda nayo nyumbani. Koduroi ni nene, haikubali vipande vidogo wala mikunjo ya maua, kwa hiyo walikata vipande vikubwa, vya rangi ya dhahabu, ya parachichi, ya chungwa na nyekundu, wakashona paa la nyumba na nakshi zao nyingine walizozizoea kwa upana ambao hawakuwahi kuushona. Katika mifarishi ya miaka hiyo zimo baadhi ya kazi zao bora kuliko zote.

Basi mteja akija na picha yake, mkaribishe. Pima, kubalianeni bei, chukua malipo ya awali, mshonee sawasawa na alivyotaka bila kuongeza la kwako. Ila mwambie mapema kwamba mabaki ya kitambaa utayabakiza wewe, na uyaweke kwenye sanduku la nyumbani pamoja na ile kanga ya bibi.